Usipime Msiba Wako kwa Futi ya Mwenzako

Mwanangu, vuta kiti ukae. Simu iweke kando kidogo, itakusubiri. Najua ulirudi kazini siku ya tano baada ya mazishi. Najua pia kwamba hukupanda bodaboda mpaka huku Hamugembe, Bukoba, kwa ajili ya salamu tu. Umeniuliza swali pale mlangoni hata viatu hujavua: "Bibi, hali hii itaisha lini?"

Sitakudanganya. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi nikiwa na miaka 34, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja aliniambia siku arobaini. Mwingine akasema mwaka. Mwingine akasema, "Tafuta kazi ikushughulishe, utasahau." Nilichukua jibu la huyu wa mwisho kwa sababu ndilo lililokuwa jepesi. Nimelilipia kwa miaka mingi, na wanangu walililipia pamoja nami.

Mimi ni fundi cherehani. Futi imening'inia shingoni mwangu tangu usichana. Kila mteja ana ukurasa wake katika daftari la vipimo: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Hata mapacha siwashonei kwa kipimo kimoja. Na mtu akirudi baada ya mwaka siliamini daftari, nampima upya, maana mwili hubadilika. Jambo hilo nililijua mapema kwa upande wa nguo. Kwa upande wa msiba nimelijua nikiwa nimeshaharibu vitambaa vingi.

Ngoja nikueleze.

Mume wangu alipanda meli ya MV Bukoba jioni ya Jumatatu, Mei 20, 1996. Alikuwa anapeleka ndizi Mwanza, arudi na vitambaa vya dukani kwangu. Mchana ule nilikuwa nimemfulia shati lake la drafti. Lilikuwa bado bichi alipoondoka, akaliacha kwenye kamba. Akaniambia nilianue kabla ya umande.

Asubuhi ya Jumanne meli ikapinduka, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Tulipata habari kwenye redio ya jirani, tukiwa tumesimama uani, kila mmoja amemshika mwenzake mkono. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Ndiyo maana mpaka leo ukiuliza walikufa wangapi, huyu atakuambia mia nane na ushee, yule atakuambia elfu. Wengi walizikwa pamoja kule Igoma, Mwanza, bila kutambuliwa na ndugu zao.

Mume wangu alisafiri daraja la tatu. Jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote, na mwili wake sikuuona.

Wazee wa ukoo wake, kule Muleba, walikaa wakashauriana. Wakapanda mgomba kwenye kibanja cha baba yake, mahali ambapo kaburi lake lingekuwa. Matanga yakakaliwa kama kawaida. Jembe halikushikwa. Majirani walileta ndizi, maharage na kuni. Wanawake walilala nami chini kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, na usiku nikishtuka, kulikuwa na mkono wa mtu unanigusa na sauti inaniambia, "Pole waitu, lala." Siku zile sikujua kwamba ile nayo ilikuwa dawa. Niliona ni desturi tu, nikatamani waondoke nipumue.

Siku ya tisa nilirudi kwenye cherehani.

Jirani yangu, mama wa Kiislamu, alifiwa na mumewe katika meli ileile. Wa kwake alipatikana akazikwa. Yeye akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, mavazi ya kawaida, hana pilika. Mimi nilimhurumia. Nilikuwa nakanyaga cherehani mpaka usiku wa manane nikisema moyoni, "Maskini, amefungwa, mimi angalau nasonga." Eda yake ilipokwisha alikuja kunisalimia. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yametulia. Akanitazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Mwenzangu, mimi nimelia kwa nafasi. Wewe kilio chako umekishonea kwenye nguo za watu." Nilikasirika. Lakini alikuwa ameniona.

Mwanangu, wazee wetu hawakuwa na vitabu vya saikolojia, ila vipimo walikuwa navyo. Siku za matanga ni kipimo. Arobaini ni kipimo. Eda ni kipimo. Kuanua tanga ni kipimo. Hawakumaanisha kwamba siku ile huzuni inakwisha. Walimaanisha kwamba mpaka siku ile, mfiwa asidaiwe kitu. Ulimwengu umsubiri. Wewe umejidai kazi siku ya tano. Nakuelewa, bosi hana subira na kodi ya nyumba haijui msiba. Basi rudi kazini, lakini usijidanganye kwamba umepona kwa sababu umerudi kazini. Mimi nilijidanganya hivyo, na makosa yangu nitayataja moja moja ili usiyarudie.

Kosa la kwanza ni lile shati. Nilipolianua, halikuwa na harufu yake tena, si nilikuwa nimelifua? Lakini kola ilikuwa bado imebaki na mstari mwembamba wa jasho ambao sabuni haikuutoa. Wiki ya tatu nilichukua brashi nikaliloweka tena, nikausugua ule mstari mpaka ukatoka. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliniambia nisiweke vitu vya marehemu vinavyonitia simanzi. Niliposhika shati lile safi kabisa, ndipo nilipokaa chini ya kamba nikalia kama siku ya kwanza. Mwanangu, usiwe na haraka na vitu vya marehemu wako. Usigawe, usichome, usifue. Viweke mahali. Nguo haili chakula.

Kosa la pili, nilikataza jina lake nyumbani. Sikusema kwa mdomo. Ila mtoto akisema "baba," nilikuwa nasimama naenda jikoni. Watoto wana akili. Baada ya mwezi hakuna aliyelitaja tena. Nilidhani wamesahau, nikamshukuru Mungu.

Kosa la tatu ndilo zito, na nikilisema mpaka leo sauti inanikauka. Mtoto wangu wa kiume alikuwa na miaka saba. Aliacha kula samaki. Sahani ya sato ikiwekwa mezani alikuwa anageuza uso. Mimi niliona ni deko. Pesa ilikuwa ya shida, sato ilikuwa mboga ya kujinyima, na yeye anaikataa! Siku moja nilimchapa. Hakulia. Alisema tu, taratibu, "Mama, hawa samaki wanakaa ziwani na baba."

Watu wengi wa Bukoba na Mwanza waliacha samaki miezi ile, wakubwa kwa watoto, kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa nawaelewa wote. Mwanangu mwenyewe ndiye sikumwelewa, kwa sababu nilimpima kwa futi yangu. Mimi huzuni yangu ilikuwa inatoka kwa kazi. Yake ilikuwa imekaa tumboni.

Kosa la nne, nilidhani msiba ni wangu peke yangu. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muleba. Alikuwa anakuja kunitazama kila likizo. Sikumwuliza hata mara moja yeye anaendeleaje. Alikuwa amepoteza kaka aliyelelewa naye kwenye mgongo mmoja, na mimi nilimpokea kama mtu aliyekuja kunipa pole tu.

Lakini yeye ndiye aliyenitoa shimoni.

Unajua mkoa wetu ulivyopigwa, mwanangu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walionekana hapa Kagera mwaka 1983. Kufika miaka ya tisini, katika vijiji vingi vya Muleba na Bukoba kulikuwa na makaburi mapya kwenye vibanja na nyumba zenye bibi na wajukuu tu, kizazi cha katikati hakipo. Mwaka 1997, pale Nshamba wilayani Muleba, ukaanzishwa mradi ulioitwa Humuliza. Neno hilo ni la Kihaya, lina maana ya kufariji na kutuliza. Aliyeuanzisha ni Mswisi, Kurt Madörin. Kabla ya hapo, misaada mingi kwa yatima ilikuwa sare, madaftari na unga. Humuliza wakauliza swali ambalo watu walikuwa hawaliulizi: mtoto huyu moyoni ana nini? Wakawafundisha walimu kumtambua mtoto aliyefiwa ambaye hasemi. Yule anayesinzia darasani, anayepigana, anayekaa peke yake wakati wenzake wanacheza. Vijana yatima wenyewe wakaanzisha chama chao mwaka 2000, Vijana Simama Imara, wakawa wanatembeleana na kusaidiana.

Wifi yangu alipokuja likizo ya mwaka 1998 alikuwa amepata elimu hiyo. Alikaa na mwanangu uani, wakachambua maharage pamoja bila maneno mengi. Jioni akaniambia, "Wifi, huyu mtoto hana deko. Huyu anaomboleza, na amekosa wa kuomboleza naye."

Usiku ule tulilitaja jina la marehemu kwa mara ya kwanza tangu matanga. Tulilitaja mpaka jogoo wakawika.

Asubuhi alichukua daftari langu la vipimo, lile la wateja, akaligeuza, akaanza kuandika kutoka nyuma. Akaandika maswali manne. Nimelala? Nimekula? Nimeongea na mtu? Nimemtaja? Akaniambia kila jioni nijipe alama. Hapana kabisa ni sifuri. Kidogo ni moja. Vizuri ni mbili. Jumla ya siku njema kabisa ni nane. "Unawapima wateja wako kila siku," aliniambia, "jipime na wewe."

Daftari lile ninalo hata sasa. Mbele kuna mabega na viuno vya watu wa Hamugembe, Kashai na Rwamishenye. Nyuma kuna mimi. Siku za kwanza utaona moja, sifuri, mbili, moja. Nilitaka kuacha wiki ya pili, nikaona ni mchezo wa shule. Wifi alinisihi nivumilie mpaka mwezi uishe. Ulipoisha, tukazijumlisha kwa wiki, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho macho hayakuwa yanakiona. Siku moja moja zilikuwa mbaya zote. Lakini wiki ya nne ilikuwa na jumla kubwa kuliko ya kwanza. Nilikuwa nasogea, taratibu kama konokono, lakini nilikuwa nasogea.

Tena niliona jambo jingine. Kushuka kwangu kulikuwa na tarehe. Mei 21, sifuri. Krismasi, sifuri. Na Novemba, msimu wa senene, nilikuwa naporomoka bila kujua sababu, mpaka nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa anawatoa watoto usiku kwenda kukamata senene kwenye taa, wanarudi wanacheka na ndoo. Baada ya kujua hivyo, nikawa najiandaa. Novemba ikikaribia nilikuwa namwita wifi aje. Sikupokea kazi nyingi mwezi ule. Mvua haizuiliki, lakini mwenye kuona wingu huanua nguo mapema.

Ndiyo kazi ya kipimo, mwanangu. Hakikuambii utamaliza lini. Kinakuonyesha uko wapi leo, na kama mzigo umekuzidi uite mtu akusaidie kubeba.

Binti yangu sasa ni muuguzi, na amenieleza kwamba wataalamu nao wana madaftari yao. Mwaka 1995, kule Marekani, Holly Prigerson na wenzake walitunga maswali 19 ya kupima huzuni iliyogoma kutulia. Kila swali lina alama kuanzia sifuri hadi 4, na mtu akipita jumla ya 25 huangaliwa kwa makini zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeitambua huzuni ya aina hiyo. Wanasema ni ile inayokaa zaidi ya miezi 6 ikiwa bado inamzuia mtu kuishi, na inayopita kiasi ambacho desturi na dini yake vinakitarajia. Madaktari wa akili wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka huohuo wakaweka mwaka mzima kwa mtu mzima, miezi 6 kwa mtoto.

Unaona? Hata wao hawakukubaliana muda. Na wote wamekubali kutazama mila ya mfiwa kabla ya kumwita mgonjwa. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilimkumbuka jirani yangu na eda yake.

Utasikia pia vijana wanataja hatua tano za huzuni: kukataa, kukasirika, kuomba nafuu, kuzama, kukubali. Zilitoka kwenye kitabu cha mwaka 1969 cha daktari Elisabeth Kübler-Ross. Lakini yeye alikuwa amekaa na wagonjwa waliokuwa wanakikabili kifo chao wenyewe. Watu ndio wakazichukua wakawavalisha wafiwa kama sare. Usijisumbue kutafuta uko hatua ya ngapi. Mimi kuna siku nilikubali asubuhi nikakataa jioni.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa sitaki uharakishe. Zipo dalili ambazo hazingoji daftari. Ukiona hulali wala huli kwa majuma, na mwili unaisha. Ukiona pombe imekuwa ndiyo usingizi wako. Ukiona miezi sita imepita na bado huwezi kuoga, kwenda kazini, wala kumtazama mtu. Na likikujia wazo la kumfuata marehemu, hata kama ni la dakika moja, usilale nalo. Mwamshe mtu usiku huohuo. Nenda hospitali, sema wazi, "Nimefiwa na nimezidiwa," uliza wanaohusika na afya ya akili. Hakuna aibu hapo. Na kama ni mtoto, ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, simu yake ni bure.

Usidhani pia kwamba msaada lazima utoke kwa profesa. Kule Moshi, na Bungoma nchini Kenya, ulifanyika utafiti mkubwa kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Waliowahudumia katika vikundi walikuwa watu wa kawaida wa maeneo yale, waliofundishwa na kusimamiwa. Walikutana na watoto wiki hadi wiki, wakawasaidia kusimulia yaliyotokea na kumkumbuka mzazi bila kuogopa. Mpango wao unaitwa Pamoja Tunaweza. Watoto wengi walipata nafuu. Nilipoelezwa hayo nilimwona wifi yangu amekaa uani na ungo wa maharage.

Chombo kingine alichonipa wifi ni sanduku. Akina mama wa Uganda walioishi na virusi vya UKIMWI walikuwa wanawaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, wakieleza ukoo, siku ya kuzaliwa, tabia za baba na za mama, ili mtoto asibaki hana asili. Sisi tulitumia sanduku la bati. Ndani mwake tuliweka shati la drafti, picha mbili, kadi yake ya chama cha ushirika cha kahawa, na karatasi ambayo binti yangu aliandika mambo ambayo baba alikuwa anapenda kusema. Mwanangu wa kiume aliweka jiwe dogo alilookota ufukweni. Sikumwuliza kwa nini. Sanduku lilikaa chini ya kitanda, na kila mtu alikuwa na ruhusa ya kulifungua bila kuomba.

Na sasa neno kwa siku ambayo aliyefiwa atakuwa mwenzako. Usimwambie "jikaze." Usimwambie kijana wa kiume kwamba wanaume hawalii. Na usiishie kwenye rambirambi ya siku ya mazishi. Siku ya mazishi nyumba imejaa watu. Njaa ya mfiwa huanza mwezi wa tatu, watu wakishatawanyika.

Pale Nshamba kulianzishwa mradi mwingine mwaka 2003, Kwa Wazee, wa kuwapa pensheni ndogo ya kila mwezi wazee, hasa mabibi waliobaki na wajukuu yatima. Mwaka 2008 ikatoka ripoti juu yake, na jina lake lilitaja vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Nilipolisikia jina hilo, nilijua waliwasikiliza mabibi kweli. Bibi aliyezika watoto wake wanne hawezi kukaa akaomboleza kama hajui mjukuu ataoga na nini kesho. Nusu ya kukosa usingizi kwake ni huzuni, nusu nyingine ni sabuni. Ukimpelekea kipande cha sabuni na kilo ya chumvi, umempa nafasi ya kulia.

Mwanangu, nisikufiche jambo la mwisho. Huzuni hurudi.

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ilitikisika hapa kwetu. Lilikuwa tetemeko la 5.9. Walikufa watu wasiopungua 17 mkoani, mamia wakajeruhiwa, nyumba nyingi zikaanguka, na Hamugembe tuliumia sana. Ukuta wangu wa sebuleni ulidondoka na picha ya mume wangu ikaenda nao. Nilitoka nje vumbi limenijaa kinywani, na nikajisikia naita jina lake, yeye, baada ya miaka ishirini. Usiku ule tulilala nje, majirani wote, kwenye mikeka. Nililia sana. Nikadhani nimerudi mwanzo.

Nikachimbua daftari kwenye kifusi. Nikaanza tena kujipa alama. Mara hii sikuanzia sifuri, nilianzia tatu. Na baada ya wiki mbili nilikuwa kwenye sita. Ndipo nilipoelewa kwamba mwenye kurudi njia aliyokwisha kuipita hutembea akizijua kona.

Halafu ikaja asubuhi ya Novemba 6, 2022. Ndege ya Precision Air ilianguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wetu wa ndege. Walikuwemo watu 43. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Waliokolewa 24, tukawapoteza 19, na kesho yake tukawaaga kwenye uwanja wa Kaitaba. Ziwa lilelile. Novemba ileile. Nilifunga duka, sikushika kazi siku tatu. Niliwapigia simu wanangu wote wawili, nikawaambia, "Leo namkumbuka baba yenu, mnisikilize." Sikuwa najua kufanya hivyo mwaka 1996. Nimejifunza.

Yule aliyekataa samaki sasa ni baba wa watoto watatu. Baada ya siku ile ya uani na wifi, sikumlazimisha tena. Nilikuwa nampikia maharage yake pembeni, wengine wakila sato. Ulipita mwaka, ukapita wa pili, ikafika miaka sita. Siku moja mwaka 2004, tukiwa kwa shangazi yake Muleba, tumekaa karibu na ule mgomba ambao ulishazaa machipukizi kuzunguka pale, alinyoosha mkono akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yangu, akala. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Usiku nilifungua daftari, nikaandika nane.

Basi, mwanangu, usiniulize itaisha lini. Leo kabla ya kulala chukua karatasi, andika yale maswali manne, ujipe alama bila kujionea haya. Fanya hivyo mwezi mzima, halafu rudi hapa na karatasi yako, tuisome pamoja. Na ukipita njiani, ingia kwa yule mama wa pale kona, aliyefiwa na kijana wake mwezi wa sita. Mpelekee sabuni na chumvi. Kaa. Mwombe akuambie mwanawe alikuwa anaitwa nani.